Pampu ya oili ya pikapu ya dizeli: inakunywa kabla ya filta

Oili ya injini huanza safari yake chini kabisa, kwenye sampu, yaani bakuli la oili lililo chini ya injini. Humo ndani kuna bomba fupi lenye chujio la waya mdomoni, na mwisho wa bomba hilo kuna pampu. Pampu inavuta oili kutoka sampu, inaisukuma kwenye kipoza oili na filta, kisha oili inaingia kwenye mfereji mkuu uliotobolewa ndani ya bloku (mwili wa injini). Kutoka hapo ndipo inagawanywa: beringi (vikalio vya vyuma vinavyozunguka) za kranki, ile shafti kuu inayozungushwa na pistoni, beringi za konrodi zinazounganisha pistoni na kranki, kamshafti inayofungua vali, turbo inayosukuma hewa ndani ya injini, na vile vimirija vidogo vinavyorusha oili chini ya pistoni ili zisiungue.

Utazame vizuri mpangilio huo. Filta imekaa baada ya pampu. Kila sehemu ya injini inakunywa oili iliyokwisha kuchujwa, ila pampu inaipokea ikiwa na kila kilichomo: mchanga ulioingia kupitia mdomo wa kujazia, masizi, chembe za chuma, vipande vya silikoni. Chujio la waya lililo mbele yake huzuia vitu vikubwa tu, kama washa (pete bapa ya bolti) iliyoanguka au kipande cha gasketi. Mchanga mwembamba unapita bila shida. Ndiyo sababu pampu ya oili ni nadra kufa kwa uzee. Mara nyingi inauawa na kile inacholishwa, na ukiibadilisha bila kugusa kilichoiua, mpya nayo itafuata njia ileile.

Jambo la pili ambalo lazima lieleweke kabla ya kushika spana: pampu haitengenezi presha, inatengeneza mtiririko. Mpira wa kumwagilia maji ukiuziba mdomo kwa kidole gumba, maji yanaruka mbali. Ukiachia kidole, yanamwagika mguuni pako, ingawa bomba ni lilelile. Katika injini, kidole gumba ni nafasi iliyopo kati ya beringi na kranki. Kwenye injini ya pikapu iliyo nzima nafasi hiyo ni ndogo mno, kwa kawaida kati ya milimita 0.03 na 0.07. Beringi zikilika nafasi inaongezeka, oili inamwagika pembeni kirahisi, na presha inashuka huku pampu ikifanya kazi yake yote. Mtu akikuambia "presha iko chini, badilisha pampu," muulize kwanza amejuaje kwamba si kranki.

Pampu ilivyo ndani

Pikapu nyingi za dizeli zina aina mbili za pampu. Ya kwanza ni ya gia mbili zinazoumana, oili ikibebwa kwenye mapengo ya meno ukutani mwa nyumba ya pampu. Ya pili ni ya rota: rota ya ndani yenye meno machache inazunguka ndani ya rota ya nje iliyozidi jino moja, kwa hiyo nafasi kati yao hupanuka upande mmoja na kubanwa upande wa pili. Kupanuka ndiko kunakovuta, kubanwa ndiko kunakosukuma. Injini mpya zaidi zina aina ya tatu, ya mabawa yanayoteleza ndani ya pete inayosogea. Hiyo hupunguza au kuongeza kiasi cha oili kulingana na mahitaji ili kuokoa mafuta. Ni pampu nzuri, lakini ina tabia zake, na tutafika huko.

Nguvu ya kuizungusha hutoka kwenye kranki moja kwa moja, au kupitia gia, cheni, au shafti inayochukua mwendo kwenye kamshafti. Baadhi ya injini za siku hizi zinatumia mkanda unaozunguka ndani ya oili yenyewe. Huo unadai oili ya aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari bila kubahatisha, kwa sababu oili isiyofaa, au oili iliyochanganyika na dizeli, hulainisha mpira wake. Nyuzi zinazobanduka huenda moja kwa moja kwenye chujio la pampu.

Karibu kila pampu ina vali ya kuachia presha: pistoni ndogo na springi. Presha ikizidi kiwango, kwa kawaida kati ya bar (kipimo cha presha) 4 na 6, springi inabanwa na oili ya ziada inarudi sampu au mdomoni mwa pampu. Sehemu hii ni ndogo kuliko kidole na huleta matatizo makubwa. Chembe moja ya chuma ikiikwamisha ikiwa wazi, presha inakuwa chini muda wote, hata injini ikikanyagwa. Ikikwama ikiwa imefunga, asubuhi oili ikiwa nzito presha inapanda bila kizuizi, na filta inaweza kuvimba au mpira wake kutoka pembeni. Ukiona filta imevimba kama kopo lililoharibika, acha kulaumu filta.

Taa inachelewa

Taa nyekundu ya oili kwenye dashibodi haisemi presha imeanza kushuka. Swichi yake, kwenye injini nyingi, huwasha taa presha ikiwa chini ya takriban bar 0.3 hadi 0.5. Injini iliyo moto ikienda mizunguko 3,000 kwa dakika inahitaji mara kadhaa ya hiyo. Kwa hiyo presha inaweza kuwa nusu ya inayotakiwa, beringi zinalika, turbo inaungua, na taa imezima.

Taa ikiwaka njiani, zima injini papo hapo, ukiwa umeshalipeleka gari pembeni kwa mwendo liliobaki nao. Usiseme nimalizie mpaka kituo kinachofuata. Beringi za kranki zinaelea juu ya utando wa oili mwembamba kuliko unywele. Utando ukikosekana chuma kinagusa chuma, na dakika moja chini ya mzigo inatosha kuziharibu. Pima oili kwa stiki baada ya dakika tano. Kama iko chini ya alama, ongeza na uangalie inavuja wapi. Kama iko sawa, gari livutwe.

Kupima kabla ya kuhukumu

Kipimo cha kweli ni geji ya mkono. Toa swichi ya presha ya oili, funga geji kwenye tundu hilo kwa kiunganishi chenye nyuzi zinazolingana, kisha washa gari mpaka injini ipate joto lake la kazi. Oili ya baridi ni nzito na itakudanganya. Kipimo cha asubuhi hakina maana kwa kazi hii. Soma mara mbili: injini ikiwa kwenye sailensa, yaani ikinguruma bila kukanyagwa, na ikiwa kwenye mizunguko 3,000. Injini nyingi za dizeli za Toyota, kwa mfano, zinataka angalau kPa 29 (karibu bar 0.3) kwenye sailensa na kPa 245 hadi 588 (karibu bar 2.5 hadi 5.9) kwenye 3,000. Kwa injini usiyo na kitabu chake, kanuni ya mafundi ya psi 10 (karibu bar 0.7) kwa kila mizunguko 1,000 inatosha kukuonyesha kama kuna ugonjwa, ingawa haikuambii ni upi.

Namna sindano inavyotembea ina maana kuliko namba yenyewe. Presha ya chini kwenye sailensa inayopanda vizuri ukikanyaga inaelekea kwenye beringi zilizolika au oili nyepesi kupita kiasi. Presha isiyopanda hata ukikanyaga inaelekea kwenye vali iliyokwama wazi au pampu iliyolika. Presha inayopanda kisha ikaporomoka kadiri mizunguko inavyoongezeka ni dalili ya chujio lililoziba: pampu inataka kunywa zaidi ya linavyoruhusu. Sindano ikitetemeka bila kutulia, pampu inavuta hewa.

Kuna jaribio rahisi la hewa. Bomba la kuvutia limefungwa kwenye pampu kwa oringi (pete ya mpira) au gasketi ndogo. Oringi ikikauka au kupasuka, na maungio yakiwa juu ya usawa wa oili, pampu inakunywa oili na hewa pamoja. Ongeza lita moja juu ya kiwango kwa ajili ya jaribio tu, kisha pima tena. Presha ikirudi, maungio sasa yamezama kwenye oili na hewa haipati njia. Umeshajua pa kufungua. Lita hiyo itolewe kabla gari halijaingia barabarani, kwa sababu kranki ikiigusa oili huipiga ikawa povu, na povu halibebi mzigo.

Kabla ya geji, lakini, kuna mambo ya dakika mbili. Vuta stiki, unusie oili na uipake kati ya vidole. Usawa ukiwa umepanda bila mtu kuongeza, na harufu ya dizeli ipo, mafuta yanaingia kwenye oili: nozeli inayopulizia dizeli kwenye silinda inavuja, sili ya pampu ya dizeli imekufa, au gari lenye chujio la masizi kwenye ekzosi linashindwa kumaliza kujisafisha kwa sababu ya safari fupi fupi. Oili iliyochanganyika na dizeli ni nyepesi, na hakuna pampu itakayoipa presha. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, ni maji ya rejeta, na kipoza oili ndicho cha kuchunguzwa mapema. Filta ya zamani nayo usiitupe hivi hivi. Ikate kwa kikatio, si kwa msumeno unaomwaga unga wa chuma, kunjua karatasi yake na uipitishe juani. Vumbi linaloshikwa na sumaku ni la feleji au chuma cha kutupwa. Vipande vya rangi ya fedha visivyoshikwa na sumaku, na hasa vya rangi ya shaba, mara nyingi ni vya beringi. Ukiona shaba, tatizo limevuka pampu.

Chujio lililoziba ndilo muuaji mkubwa

Kama kuna sehemu moja ya makala hii ya kubaki nayo kichwani, iwe hii. Chujio la pampu ni dogo, liko chini gizani, halimo kwenye ratiba ya sevisi, na likiziba injini inakufa ikiwa imejaa oili mpya hadi alama ya juu.

Linazibwa na vitu vitatu zaidi ya vingine. Cha kwanza ni lami ya masizi. Mfano unaojulikana sana ni injini ya Toyota 1KD-FTV ya lita 3.0 iliyokuwa kwenye Hilux na Prado. Washa za shaba zilizo chini ya nozeli zikiacha kubana, gesi ya mlipuko inapenya hadi chini ya kava la vali, inachanganyika na oili, na masizi yanageuka makaa meusi yanayoteremka hadi sampu na kulifunika chujio. Dalili zake hutangulia: mlio wa pumzi fupi fupi injini ikiwa baridi, mvuke mwingi ukifungua mfuniko wa kujazia oili, oili inayokuwa nyeusi na nzito mapema. Dawa ni washa mpya kila nozeli inapofunguliwa, na kuteremsha sampu kulitazama chujio kwa macho. Kubadilisha washa peke yake huku makaa ya zamani yakiwa yamebaki chini ni kazi nusu.

Cha pili ni silikoni. Fundi akipaka nyingi kwenye ukingo wa sampu, nusu yake inabanwa ndani, inakauka, inakatika na kuelea hadi kwenye chujio. Uzi wa upana wa milimita 3 hadi 5 unatosha, upite upande wa ndani wa matundu ya bolti, na sampu ifungwe ndani ya dakika chache kabla juu haijakauka.

Cha tatu ni dawa za kusafishia injini. Kwenye injini iliyotunzwa hazina madhara makubwa. Kwenye injini iliyokaa na oili moja kwa muda mrefu, zinabandua uchafu uliokuwa umetulia kwenye kuta na kuupeleka wote kwa pamoja kwenye waya wa chujio. Injini ya namna hiyo iteremshwe sampu na isafishwe kwa mkono, kisha ibadilishwe oili mara mbili kwa umbali mfupi.

Kufungua na kuipima

Toa waya wa betri. Mwaga oili ikiwa vuguvugu. Kwenye pikapu za magurudumu manne kuvuta, difu ya mbele au fremu yake mara nyingi huzuia sampu kutoka, kwa hiyo kazi inaweza kudai kuteremsha difu au kuinua injini kidogo kutoka kwenye vishikio vyake. Usitie bisibisi kwenye ukingo wa sampu ya aluminiamu. Utaukwaruza na itavuja maisha yake yote. Tumia kisu chembamba cha kukatia silikoni.

Bomba la kuvutia likitoka, angalia waya kwa mwanga upande wa pili. Lililojaa makaa halisafishiki vizuri likiwa na tabaka mbili za waya. Ni heri kulibadilisha. Oringi yake iwe mpya bila mjadala.

Pampu ya rota hupimwa sehemu tatu kwa fila geji, vile vibapa vyembamba vya kupimia nafasi (vipimo vyote hapa ni milimita). Kwanza, kati ya ncha ya rota ya ndani na ncha ya rota ya nje: ikiwa mpya ni karibu milimita 0.10, na ikifika 0.20 ukomo uko jirani. Pili, kati ya rota ya nje na nyumba yake: 0.10 hadi 0.20 ni kawaida, na 0.30 ni nyingi. Tatu, juu: laza rula iliyonyooka juu ya nyumba na upime nafasi hadi kwenye uso wa rota. Hapa 0.03 hadi 0.09 ni ya kawaida, na ikivuka 0.15 pampu imechoka. Vipimo kamili vya injini yako vimo kwenye kitabu chake na ndivyo vya kufuatwa. Nafasi hii ya tatu ndiyo yenye uzito zaidi, maana oili hurudi nyuma kupitia hapo kwa urahisi. Kagua pia kifuniko cha pampu. Mikwaruzo inayoshika kucha imechorwa na mchanga, na rota mpya ndani ya nyumba iliyochimbika haitasaidia kitu.

Vali ya kuachia presha itolewe na kuoshwa. Pistoni yake ikilowekwa oili inapaswa kuteleza ndani ya tundu kwa uzito wake wenyewe. Ikishikilia mahali, tafuta chembe. Usiisugue kwa msasa. Wapo wanaoweka washa nyuma ya springi ili presha ipande. Kwenye geji itapanda, ndiyo, hasa asubuhi, lakini vali haiongezi oili kwenye beringi zilizolika. Ni kumfunika mgonjwa shuka.

Kuifunga na kuamsha mvuto

Rota nyingi zina alama ya nukta, na nukta zote mbili zitazame upande mmoja, kama zilivyokuwa. Safisha kila kitu kwa dawa ya kusafishia breki na upulize kwa hewa. Kitambaa kinachotoa nyuzi kikae mbali.

Kisha linakuja jambo linaloua pampu mpya kuliko yote: kuifunga ikiwa kavu. Pampu kavu haina uwezo mzuri wa kuvuta, kwa sababu ni oili yenyewe inayoziba nafasi ndogo zilizo ndani yake. Ijaze oili safi huku ukiizungusha kwa mkono, au jaza mapengo ya rota kwa mafuta ya mgando, yale meupe ya kujipaka yasiyo na manukato, ambayo huyeyuka oili ikipata joto. Grisi isitumike, haiyeyuki, na itaenda kukaa kwenye filta na vimirija. Filta mpya nayo ijazwe oili kama imekaa wima.

Bolti zenye kipenyo cha milimita 6 (si kipimo cha spana) hukazwa karibu Nm 10, za milimita 8 karibu 20 hadi 25, isipokuwa kitabu kimesema vingine. Acha silikoni ikauke kwa saa zilizoandikwa kwenye tyubu kabla ya kumimina oili.

Usiwashe injini bado. Kwenye dizeli ya zamani toa waya wa solenoidi inayokata mafuta. Kwenye dizeli ya komoni reli, ambayo nozeli zake huendeshwa kwa umeme, fuata njia ya kitabu ya kuzuia nozeli zisifanye kazi. Piga stata sekunde 10 hadi 15, pumzisha nusu dakika, rudia mpaka taa ya oili izime au geji ipande. Hapo ndipo urudishe waya na kuwasha, bila kupiga resi kwa dakika mbili. Shafti ya turbo inaweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na haina subira ya kungoja oili. Kama baada ya majaribio manne au matano presha haijaja, simama na utafute hewa inaingilia wapi.

Tahadhari hii inahusu hata sevisi ya kawaida kwa pampu za mabawa. Ford Ranger ya lita 3.2 ndiyo inayotajwa sana: oili ikiachwa imwagike muda mrefu, pampu inapoteza mvuto na haiupati tena injini inapowashwa. Kwa injini hiyo, bolti ya chini hurudishwa na oili mpya kumiminwa ndani ya dakika 10. Ile desturi ya kuliacha gari lidondoke usiku kucha ili kumaliza tone la mwisho haifai hapo hata kidogo.

Kinachoirefushia maisha

Daraja la oili ni lile la kitabu. Dizeli za zamani hupenda 15W-40 (namba ya uzito wa oili) ya API CH-4 au CI-4, alama ya ubora iliyoandikwa kwenye kopo. Zenye chujio la masizi kwenye ekzosi zinahitaji oili yenye majivu kidogo, mara nyingi 5W-30. Oili nzito zaidi haiifichi pampu iliyolika kwa muda mrefu, na asubuhi inafika juu ikiwa imechelewa. Kwa gari la vumbi, mizigo na safari fupi, kilomita 5,000 kwa oili ya madini ni ukomo wa haki. Tumia filta yenye vali ya kuzuia oili isirudi chini injini ikizimwa. Filta hafifu ndiyo inayoleta ule mlio wa kugonga wa sekunde tatu kila asubuhi. Futa mdomo wa kujazia kabla ya kuufungua, na funeli isilale mchangani.

Chunga usawa wa oili kabla ya milima mikali. Pikapu nyingi hubeba lita 6 hadi karibu 10, na kutoka alama ya chini hadi ya juu ya stiki ni kama lita moja hadi moja na nusu. Gari likiwa limeinama pua juu na oili iko kwenye alama ya chini, mdomo wa chujio unaweza kubaki wazi wakati injini imebeba mzigo wote.

Baada ya kufunga pampu mpya, mwaga oili ya kwanza kwenye kilomita 500, ikate filta, na uipitishe tena juani.